Uliza Shangazi: Ana pumu na bado kikojozi, kambini niseme au ninyamaze?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwanangu wa miaka 9 anaenda kambi ya likizo, mara ya kwanza kulala mbali na sisi. Ana pumu, sio kali, ila akikimbia kwenye vumbi au usiku ukiwa na baridi anabanwa. Halafu kuna hili la aibu, bado ni kikojozi, ingawa sio kila siku. Fomu ya kambi ina sehemu ya magonjwa, baba yake anataka tuiache wazi wasije wakamkataa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jaza hiyo fomu yote, leo leo, na baba mtu mwambie shangazi kasema. Kama watamkataa kisa pumu bora ujue sasa hivi ukiwa nyumbani, kuliko saa nane usiku mlezi wa watu anapekua begi la mtoto na hajui hata anatafuta nini. Mchana kila kambi ni nzuri, mipira, nyimbo, mapicha kibao, sasa we waulize ya usiku: nani analala karibu na watoto, muuguzi yupo hapohapo au mpaka apigiwe simu, hospitali ni mwendo gani, na gari inalala kambini au jioni inaondoka na dereva? Hilo la gari watu hawaulizi kabisa.

Haya, inhela, kile kichupa cha kupuliza dawa ya pumu. Ile ya kutuliza akibanwa isifungiwe ofisini. Kuna kambi zinakusanya dawa zote funguo anabaki nayo mtu mmoja, kwa vidonge sawa, ila inhela ya kutuliza ikae kwenye kipochi kiunoni kwa mtoto au kwa mlezi anayezunguka nae, na nyingine ya akiba ndo iende kwa muuguzi. Angalia tarehe ya kuisha na dozi zilizobaki kama ina namba za kuhesabia, na ule mtindo wa kuitumbukiza kwenye maji uone kama inaelea achana nao, haukwambii kitu. Kama ana ile ya kuzuia ya kila siku isikatwe eti yuko likizo, maana ukiiacha kinga inapungua taratibu na wala huoni mpaka abanwe. Afu kaa nae akuoneshe anavyotumia: atikise, atoe pumzi, abonyeze mara moja tu kwenye spesa, ile chupa ya plastiki inayochomekwa kwenye inhela, avute taratibu. Watoto wengi wanabonyeza mbili kwa mpigo, dawa inayofika kwenye mapafu inapungua, na mzazi unajua katumia.

Kwenye karatasi moja andika dalili zake yeye, maana wengine kifua hakilii kabisa wanakohoa tu usiku, andika na inhela abonyeze mara ngapi kama daktari alivyoelekeza, na lini waache kusubiri wakimbie hospitali: akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama akivuta pumzi, midomo ikibadilika rangi, au katumia inhela na hapati nafuu. Na ule moto wa jioni wanaouzunguka wakiimba, moshi wake unaweza kumwamsha pumu, akae upande upepo unakotokea, ukizidi aondoke tu.

La kukojoa sasa. Miaka 9 wapo wengi tu mama, na mara nyingi linatembea kwenye ukoo, hebu muulize baba mtu vizuri utotoni mwake ilikuwaje, huenda ndo maana anataka fomu ibaki wazi! Ongea na mlezi mmoja pembeni, amwamshe kabla yeye hajalala akakojoe, na asubuhi amsaidie kubadili shuka bila wenzie kujua. Mfungie nguo za kulalia za ziada na mfuko wa plastiki wa zile zilizolowa. Ila asinyimwe maji mchana kwa kuogopa usiku, anacheza juani huyo, apunguze tu karibu na kulala.

Na mwambie kabla hajaondoka: mtu mzima akikwambia hii siri yetu usimwambie mama, hiyo ndo ya kuniambia kwanza.

SWALI: Shangazi, binti yangu ana miaka 11 hajui kuogelea na kambi yao iko ziwani. Wanasema maboya yapo ya kutosha, nitulie?

JIBU: Usitulie bado. Yale ya kupulizwa ya mkononi ni ya kuchezea, yanachomoka. Anahitaji laifujaketi inayomtosha, ifungwe, uishike mabegani uivute juu, ikipanda mpaka masikioni ni kubwa. Na uliza nani kazi yake ni kuangalia maji tu, bila simu, maana mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, yani anaenda kimya hata wenzie wakiwa pembeni.

SWALI: Wangu jana alikuwa anatapika na kuharisha, leo kachangamka. Kambi ni kesho, aende?

JIBU: Kesho hapana. Zipite saa 48 toka alipotapika au kuharisha mara ya mwisho, la sivyo bweni zima litaugua. Wapigie waambie atachelewa, na akifika anawe kwa sabuni na maji, sanitaiza peke yake haitoshi kwa baadhi ya virusi vya kuharisha.