Maswali ya Wasomaji: Wi-Fi ya Bure Mjini Lubumbashi

Mwezi huu barua nyingi zinauliza juu ya Wi-Fi ya mjini. Simu za wengi hapa ziko katika Kifaransa, kwa hiyo majina ya menyu tumeyaandika kama yanavyoonekana kwenye kioo.

*Ninatoka Kolwezi, nafika Lubumbashi kila juma kutafuta bidhaa. Mega zinaisha kabla sijamaliza kutumia wateja wangu picha. Nipate wapi Wi-Fi bila kulipa, na nikifika niulize nini?*
Mama mfanyabiashara, Kolwezi

Mama, Wi-Fi ya kusimama barabarani na kufungua simu usiitegemee. Iliyopo ni ya mteja: sebule za hoteli za katikati ya mji, restora, mikahawa, na pengine ofisi ya mtu unayefanya naye biashara. Ukinunua soda umelipia kiti na koneksioni pamoja. Basi linganisha: kama soda ni ghali kuliko forfè ya siku moja, nunua forfè, ukanywe maji nyumbani.

Kabla ya kuagiza chochote, mwite mhudumu. Akupe jina kamili la mtandao, herufi kwa herufi, na nywila yake. Akuambie kama kuna tiketi na ni ya muda gani. Kisha umuulize: umeme ukikatika, ruta (ile mashine inayotoa Wi-Fi) inabaki ikiwaka? Hili watu hawaliulizi, nalo ndilo linaloharibu kazi. Siku ya delestaji ruta inazimika pamoja na taa. Jenereta ikishawashwa, ruta bado inahitaji dakika mbili au tatu kuamka, na faili uliyokuwa ukiituma mara nyingi inaanza upya. Pahali ambapo ruta imewekewa betri yake panafaa kuliko pahali penye viti vya ngozi.

Tiketi nyingi huanza kuhesabu saa mara tu unapoandika namba yake, na hazisimami hata ukizima simu. Kwa hiyo panga picha zako kwanza, andika maelezo na bei, halafu ndipo uandike namba ya tiketi. Kadiria pia muda wenyewe. Picha 40 za mega 3 kila moja ni mega 120. Kasi ya kupandisha ikiwa megabiti 1 kwa sekunde, unazidisha 120 kwa 8: sekunde 960, yaani dakika 16, ikiwa hakuna mwingine anayevuta. Wateja wakitaka kuona rangi na umbo tu, tuma kwa ubora wa kawaida wa WhatsApp, maana yenyewe inabana picha na kazi inaisha mapema zaidi.

Na ukipewa majina mawili yanayofanana, moja likiishia na «5G», hiyo si 5G ya kampuni za simu. Ni masafa ya gigahetsi 5: yana kasi ukiwa karibu na ruta, lakini ukuta wa matofali unayachosha upesi. Ukikaa barazani, chukua lile lingine, la gigahetsi 2.4.

*Simu inaandika «Connecté» lakini hakuna kinachofunguka. Mwenzangu tuliyekaa naye meza moja anaendelea vizuri. Shida ni nini?*
Mwanafunzi, Kampemba

Mtandao huo una ukurasa wa mlangoni, ule wa kuandika namba ya tiketi au kukubali masharti, na simu yako haijauona. Tovuti nyingi siku hizi zimefungwa kwa usimbaji, yaani maandishi yanageuzwa yasisomeke njiani, hivyo ruta haiwezi kuingia katikati na kukuonyesha mlango wake. Fungua kivinjari, andika neverssl.com. Tovuti hiyo imeachwa wazi makusudi, na ruta itaikatiza ikuletee ukurasa unaoutafuta.

Usipotokea, zima VPN kama unayo, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia yake ya siri. Kisha ingia «Paramètres», tafuta «DNS privé», na kama kuna jina la seva limeandikwa hapo, rudisha kwenye «Automatique». Tazama tarehe na saa pia, maana simu iliyokaa bila chaji ikaamka na tarehe ya zamani inakataa karibu kila tovuti. Mwisho, gusa jina la mtandao, chagua «Oublier», ujiunge upya. Ikikwama kwenye «Obtention de l'adresse IP» huku ukumbi umejaa watu, huenda ruta imemaliza anwani inazogawa. Mwombe mhudumu aizime kwa nusu dakika na kuiwasha. Ukishaingia, rudisha VPN.

*Nilikuwa nikingoja taksi-basi mjini nikaona mtandao usio na nywila. Ukurasa ukaniomba namba ya simu, halafu tarakimu sita zilizokuja kwa SMS. Nikaziandika. Muda mfupi baadaye WhatsApp yangu ikajifunga, na ndugu zangu wakaanza kuombwa pesa kwa jina langu. Ilikuwaje, na nifanye nini?*
Mama, Katuba

Pole sana, mama. Tuanze na la haraka. Fungua WhatsApp kwenye simu yako, au uiweke upya, andika namba yako na uombe SMS mpya. Ukiandika tarakimu sita mpya, mwizi anatolewa papo hapo. Ikiwa programu inakudai pia namba ya siri ambayo hukuiweka wewe, ujue yeye ndiye aliyeiweka. Usikate tamaa: ametolewa hata kama huijui namba hiyo, na baada ya siku 7 utaweza kuingia bila hiyo.

Wakati huohuo usingoje WhatsApp irudi ndipo uwaambie watu. Piga simu ya kawaida: kwanza wale wenye pesa na moyo wa kutoa haraka, yaani wazazi, yaya zako, kaka walio mbali, mweka hazina wa likelemba, kiongozi wa kwaya. Wasimamizi wa vikundi waombe waiondoe namba yako hadi utakapowaarifu kwa sauti yako. Aliyekwisha kutuma pesa apigie mara moja huduma ya wateja ya kampuni yake ya pesa kwa simu, akiwa na namba ya muamala mkononi. Dakika zina thamani hapo, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha.

Sasa, ilikuwaje? Aliyefungua mtandao ule hakuvunja kitu chochote katika simu yako. Ulipoandika namba yako kwenye ukurasa wake, yeye aliiandika namba ileile kwenye WhatsApp ya simu nyingine, kama mtu anayehamia simu mpya. WhatsApp ikatuma SMS kwa mwenye namba, ambaye ni wewe. Alichokosa ni zile tarakimu tu, na ukurasa ulitengenezwa ili umpelekee. Mtandao wa bure ulikuwa chambo. Hila hiyohiyo inafanyika bila Wi-Fi kabisa, kwa mtu kupiga simu akijidai amekosea namba na kuomba «kodi», yaani zile tarakimu, iliyoingia kwako kwa bahati mbaya.

Ipo mitandao ya haki inayotuma namba kwa SMS. Utaitofautisha kwa kusoma ujumbe wote badala ya kunyakua tarakimu peke yake. SMS ya WhatsApp ina neno WhatsApp ndani yake, tarakimu zake sita zinagawanywa katikati kwa kistari, tatu na tatu, na inakuonya usimpe mtu. SMS ya mtandao wa hoteli haina sababu ya kutaja WhatsApp, Facebook wala Google. Ikitaja, funga ukurasa uondoke hapo. Na kama hoteli inatoa tiketi ya karatasi, chukua karatasi. Namba yako ya simu ibaki kwako.

Akaunti ikirudi, weka kufuli la pili: WhatsApp, «Paramètres», «Compte», «Vérification en deux étapes». Utachagua namba yako ya siri ya tarakimu sita. Isiwe tarehe ya kuzaliwa, isianze na ile ya M-Pesa au Airtel Money, na uongeze anwani ya barua pepe ili ukiisahau uweze kuiweka upya. Kwa kufuli hilo, hata aliyepata SMS yako anakwama mlangoni. Tunawasihi wasomaji wote waliweke leo, na wawawekee wazazi wao.

Kuhusu pesa kwenye simu: unapopiga namba fupi yenye nyota na alama ya reli, ombi lako linapita kwenye mtandao wa simu, wala halipiti kwenye Wi-Fi. Kwa hiyo ukurasa wowote wa Wi-Fi unaodai namba yako ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ni wa wizi, hata ukiwa na nembo nzuri namna gani.

*Nywila ya mkahawa imebandikwa ukutani. Maana yake niko salama? Mwenye mkahawa anaweza kusoma ninayoandika?*
Mwanafunzi, Université de Lubumbashi

Nywila ya ukutani inamzuia jirani asiyekunywa chai, basi. Katika WPA2, aina ya ulinzi ambayo ruta nyingi bado zinatumia, mtu mwenye nywila hiyohiyo anayerekodi mawimbi tangu simu yako inapojiunga anaweza kufungua kufuli la Wi-Fi. WPA3 ya mwaka 2018 ilirekebisha hilo, lakini ruta za zamani hazina.

Kinachokulinda hasa ni kufuli la tovuti yenyewe. Mwaka 2010 ilitolewa programu ndogo iliyoitwa Firesheep, na mtu yeyote mkahawani aliweza kuingia katika Facebook ya jirani kwa kubofya tu, kwa kuwa tovuti nyingi zilificha nywila peke yake na kuacha yaliyofuata wazi. Siku hizi tovuti kubwa zinasimba kila kitu, na WhatsApp inasimba ujumbe kutoka simu hadi simu tangu 2016. Mwenye mkahawa anaweza kuona kwamba ulitembelea tovuti fulani saa fulani, bila kusoma ulichoandika humo. VPN humficha hata jina la tovuti, ila inahamishia imani yako kwa mwenye VPN. Zile za bure zisizoeleza zinaishi kwa nini, tuna mashaka nazo. Proton VPN ina toleo la bure lisilo na kikomo cha mega.

Unapaswa kusimama mara mbili: Chrome inapoandika «Non sécurisé» kwenye ukurasa unaotaka nywila, na inapojaza kioo kwa onyo «Votre connexion n'est pas privée» unapofungua benki au barua pepe. Usibonyeze kuendelea. Zima Wi-Fi, tumia mega zako kwa dakika hizo.

Jambo moja zaidi. Simu hujiunga yenyewe na mtandao wa wazi wenye jina inalolikumbuka, na jina la mtandao yeyote anaweza kulinakili. Unapotoka mkahawani, chagua «Oublier».

*Nikikaribia Kasumbalesa uniti zinayeyuka bila kupiga simu. Ni Wi-Fi ya mpakani inayonila?*
Papa dereva, Ruashi

Hapana, papa. Wi-Fi haigusi uniti za laini yako. Karibu na mpaka simu hushika mnara wa Zambia ukiwa na nguvu kuliko wa upande wetu, na data inahesabiwa kwa bei ya ng'ambo. Kabla ya kufika, ingia «Paramètres», kwenye mitandao ya simu, uzime «Itinérance». Kama simu bado inarukaruka, zima uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki na uguse jina la kampuni yako mwenyewe. Ukirudi Lubumbashi washa tena uchaguzi wa kiotomatiki, la sivyo siku simu ikipoteza mnara huo inaweza kukaa bila mtandao nawe ukidhani laini imeharibika.