Poon Hill na rafiki yako: sahani ya dal bhat ndiyo ratiba

Marafiki wawili waliozoea kula sinia moja, mmoja akimmegea mwenzake nyama, wana jambo la kujifunza mapema wakifika kwenye vijiji vya milima ya Nepal. Kule chakula kilichogusa mdomo wa mtu, au kilichokwisha kuingia kwenye sahani yake, huitwa jutho. Kimeshakuwa chake na hakipewi mwingine. Wageni hawatakemewa kwa hilo, ila mwenye nyumba ataona vibaya. Kila mmoja awe na sahani yake na ale kwa mkono wa kulia, na mkono uliokwisha kula usishike upawa wala usiingie kwenye chungu. Ukitaka kuongezewa, subiri mpakuaji aje. Maji ya chupa moja mnaweza kunywa wote wawili, mradi myamimine kinywani bila midomo kugusa chupa, kama wenyeji wanavyofanya.

Naanza na chakula makusudi. Katika njia ya miguu ya Ghorepani na Poon Hill, chakula ndicho kinachoamua mtalala wapi, mtaondoka saa ngapi, mtatumia kiasi gani na kama matumbo yenu yatafika siku ya nne yakiwa mazima. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame anajua hema na mpishi wa kundi. Huku Annapurna, eneo la milima ilipo njia hii, mnalala katika nyumba za wageni za wanakijiji na kula kinachopikwa jikoni kwao.

Njia yenyewe ni ya siku nne au tano, ikianzia na kuishia Pokhara, mji ulio kando ya ziwa Phewa, mita 820 hivi juu ya usawa wa bahari. Gari huwapeleka Nayapul (mita 1,070) au mbele zaidi, kisha mnapanda kupitia Tikhedhunga na Ulleri hadi Ghorepani, mita 2,874. Alfajiri ya kesho yake mnapanda Poon Hill, kilima cha mita 3,210 cha kutazamia jua likichomoza, mnarudi kunywa chai, halafu mnatembea hadi Tadapani (mita 2,630). Siku inayofuata mnateremka Ghandruk, kijiji cha Wagurung chenye nyumba za mawe, na kutoka huko mnapata gari la kurudi Pokhara.

Kati ya Tikhedhunga na Ulleri kuna ngazi za mawe zaidi ya 3,000. Barabara ya gari sasa inafika Ulleri, na watu wengi huzikwepa. Kuzikwepa si kosa, lakini piga hesabu vizuri: mkipanda gari hadi Ulleri asubuhi na kutembea hadi Ghorepani jioni ileile, mmetoka mita 820 hadi 2,874 kwa siku moja, na kulala hapohapo. Kwa mtu anayeishi Dar, Tanga au Mombasa hiyo ni haraka mno. Ugonjwa wa mwinuko unaweza kuanza kuanzia mita 2,500. Laleni Ulleri, au Banthanti iliyo mbele yake, usiku wa kwanza. Mnapoteza nusu siku, lakini mnaepuka kuamka siku ya Poon Hill na kichwa kinachogonga. Kichwa kikiuma na kukawa na kichefuchefu au kutapika, msipande tena, teremkeni. Anayetaka kutumia acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa huo, amwone daktari kabla ya safari, hasa akiwa na mzio wa dawa za salfa.

Wenyeji husema "bistarai, bistarai", yaani pole pole ileile ya Kilimanjaro. Mwenye mwendo mdogo ndiye atangulie. Akitangulia mwenye kasi, kila mara atasimama kumngoja mwenzake, atapoa na kupata baridi, na mwenzake akifika akihema ataondoka kabla huyo hajapumzika. Kukosana kwingi kwa marafiki njiani huanzia hapo. Pia wekeni sharti kabla ya kuondoka nyumbani: mmoja akiugua, wote wawili wanateremka. Jambo hilo halijadiliwi likishatokea, kwa sababu mgonjwa ataficha dalili ili asimharibie mwenzake safari.

Sasa dal bhat. Dal ni mchuzi wa adesi, bhat ni wali, na pembeni kuna tarkari (mboga za viazi, koliflawa au maharagwe), majani ya haradali yaliyokaangwa, achari, na mara nyingi kipande cha papad, mkate mwembamba mkavu. Mpishi huipika mara mbili kwa siku kwa ajili ya familia yake, waongozaji na wapagazi, hata pasipo mgeni. Kwa hiyo ndicho chakula kilichopikwa karibuni zaidi kwenye orodha, kinatoka haraka kuliko piza, na huongezewa bila malipo mpaka useme "pugyo", imetosha, huku umefunika sahani kwa kiganja. Nyama haiongezwi. Bei hupanda kadiri mnavyopanda, kwa kuwa mchele na gesi huja mgongoni mwa punda, baghala na watu: tengeni takriban rupia za Nepal 500 hadi 800 kwa sahani. Mwaka 2024 dola 1 ilikuwa kati ya rupia 130 na 140.

Piza, tambi na kuku wa kukaanga vimo kwenye orodha, lakini si vya kuagiza huku. Nyama imesafiri siku kadhaa bila friji. Wali wa kukaanga huweza kuwa wa jana, na wali uliolala kwenye joto la jikoni ni chanzo kikubwa cha tumbo kuharibika. Saladi imeoshwa kwa maji ya bomba. Kuku na momo (vifuko vya unga vya kupikwa kwa mvuke) zenye nyama zingojeni Pokhara, mahali penye wateja wengi. Mkiona "buff" kwenye orodha, ni nyama ya nyati wa kufugwa. Ng'ombe hachinjwi Nepal. Kwa Mwislamu, dal bhat isiyo na nyama ndiyo salama njia nzima, na Kathmandu kuna mikahawa ya halali karibu na misikiti ya Ghantaghar.

Kuna chakula kimoja ambacho msafiri wa Afrika Mashariki asikikose: dhido. Ni ugali. Ule bora ni wa kodo, na kodo ni ulezi huuhuu wetu, nafaka ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki kabla ya kufika Asia ya Kusini. Ni laini kuliko ugali wa Iringa, mweusi kidogo, na huliwa na mchuzi wa gundruk, majani ya haradali au figili yaliyochachushwa kisha yakakaushwa. Ladha ya gundruk ni ya ukakasi. Tonge la kwanza linaweza kukushangaza, la tatu utalitafuta. Wenyeji huchovya tonge na kulimeza bila kutafuna sana, kwa kuwa ulezi hunata kwenye meno. Dhido haikai tayari jikoni, kwa hiyo agizeni saa moja au mbili kabla. Ghandruk ndipo pazuri pa kuila.

Asubuhi, mkate wa Kigurung na asali ndio chaguo langu. Hukaangwa kwenye mafuta mengi, na mla maandazi ataujua kwa macho. Pamoja na mayai mawili unawafikisha saa nne bila njaa. Wanepali wenyewe hula mlo mkubwa wa kwanza kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na wa pili baada ya magharibi. Mkifuata ratiba hiyo mtakuta jiko liko moto. Mkifika saa nane mchana na kutaka wali, subirini dakika arobaini na tano au zaidi.

Chumba cha vitanda viwili ni cha bei ndogo kwa sharti moja ambalo pengine halikuandikwa mlangoni: chakula cha jioni na cha asubuhi mle hapohapo. Mwenye nyumba anaishi kwa jiko lake. Kulala kwake na kula kwa jirani ni kumvunjia heshima, na anaweza kuwaongezea bei ya chumba. Agizeni cha jioni mara mnapofika, kabla ya saa kumi na moja, na cha asubuhi mwagize usiku. Agizeni kitu kimoja nyote wawili. Sahani mbili tofauti ni masufuria mawili na gesi mara mbili, na mmoja atakula mwenzake akimtazama. Chai ya tangawizi, limau na asali huuzwa kwa kikombe au kwa chupa ya chai. Chupa ya wawili ni nafuu kuliko vikombe vinne.

Mwite mama mwenye nyumba "didi", dada mkubwa, na mwanamume aliyekuzidi umri "dai", kaka. Aliye mdogo wako ni "bahini" akiwa wa kike, au "bhai" akiwa wa kiume. Msiingie jikoni bila kukaribishwa, na msitupe takataka kwenye moto wa jiko, hata karatasi. Pesa zitolewe kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukigusa kiwiko.

Kuhusu pesa zenu, fungeni mfuko mmoja. Kila asubuhi kila mmoja aweke kiasi sawa, mmoja alipe kila kitu na kuandika, na kesho mwenzake ashike. Toeni rupia za kutosha kwenye ATM za Pokhara, pamoja na za siku moja ya ziada, kwa sababu njiani msitegemee kadi. Kuchaji simu na kuoga maji ya moto hulipiwa kando. Vya kugawana ni chujio la maji, dawa, chaja na mafuta ya jua. Pasipoti, bima, tochi ya kichwa na nguo za joto kila mtu abebe zake. Mfuko wa kilo 6 hadi 8 unatosha. Mkikodi mpagazi mmoja kwa ajili ya wawili, mzigo wote usizidi kilo 20, kipimo kilekile cha Kilimanjaro, na hakikisheni ana viatu na koti.

Maji ni lita 3 kwa siku kwa kila mtu. Vidonge vya klorini huhitaji dakika 30, lakini maji ya mlimani ni baridi sana, na katika baridi dawa hufanya kazi taratibu, kwa hiyo subirini saa nzima. Tumbo likiharibika, chemsheni lita 1 ya maji, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, mnywe kidogo kidogo. Wali mtupu na dal vinatosha siku hiyo.

Magoti huumia kwenye kuteremka, na njia ya Tadapani hadi Ghandruk ni mteremko mrefu. Kateni kucha za miguu siku mbili kabla, kazeni kamba za viatu kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, na mrefushe fimbo za kutembelea kuliko mlivyopanda nazo. Msafara wa punda ukipita, simameni upande wa mlima. Mzigo wa punda unaweza kumsukuma mtu bondeni.

Miezi mizuri ni Oktoba na Novemba kwa anga safi, au Machi na Aprili, wakati miti ya laliguras inapowaka maua mekundu kuzunguka Ghorepani. Juni hadi Septemba ni mvua, mawingu na ruba. Sikukuu ya Dashain, Septemba au Oktoba, hujaza mabasi, na waongozaji wengi huenda kwao.

Viza hutolewa uwanjani Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Baadhi ya nchi za Afrika, zikiwemo Ethiopia na Somalia, zimo kwenye orodha ya wasiopewa uwanjani, basi thibitisha pasipoti yako kabla ya kukata tiketi. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kibali cha hifadhi ya Annapurna ni rupia 3,000, na tangu Aprili 2023 sheria inamtaka mgeni awe na mwongozaji mwenye leseni. Jumamosi ni siku ya mapumziko Nepal, kwa hiyo msipange kushughulikia karatasi siku hiyo. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na dakika 45, na dakika hizo huwapotosha wanaounganisha ndege.

Siku ya Poon Hill, tokeni Ghorepani mnamo saa kumi na nusu au kumi na moja alfajiri kutegemea majira. Kupanda mita 340 hivi huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Vaeni nguo nyepesi mnapopanda na mbebe koti zito kwa ajili ya kileleni; mkipanda nalo mtatoka jasho, na jasho hilo litawagandisha mkingoja jua. Jua hugonga kwanza Dhaulagiri (mita 8,167) magharibi na Annapurna ya Kwanza (mita 8,091), kisha Annapurna Kusini na Machhapuchhre, mlima mtakatifu wa mita 6,993 usioruhusiwa kupandwa. Wengi hukimbilia chini mara jua linapotoka. Ngojeni nusu saa, ukungu wa bondeni uinuke, mkiwa na chupa ya chai mliyoijaza kwa didi usiku. Kifungua kinywa mlichoagiza kitakuwa tayari saa moja na nusu, na kuelekea Tadapani muwe mmetoka kabla ya saa tatu, kwa sababu mawingu huanza kupanda kabla ya adhuhuri na ngazi za mawe zikilowa huteleza.