Kadi ya kliniki ndiyo iliyomtoa mwanangu selo

Juzi usiku mama mmoja wa Makambako ameniandikia. Mwanawe ana miaka 16, amekamatwa pamoja na vijana wakubwa kwa kesi ya kuvunja duka, na kwenye karatasi ameandikwa ana 19. Anauliza aanzie wapi. Niliusoma ujumbe ule mara tatu, mikono inatetemeka. Miaka minne iliyopita, hapa Mbeya, mama huyo nilikuwa mimi.

Wangu ni mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu ana miaka mitano. Likizo alikuwa akibeba viroba vya viazi Uyole apate hela ya madaftari, na kazi ile ilimpa mabega ya mtu mzima. Wenzake walipoiba betri za lori, yeye alisimama kuangalia njia. Hilo alilikiri mwenyewe, nami silifichi. Lakini alikuwa na miaka 15. Aliyemwandika kituoni alimtazama mabega, akaandika 18. Mwanangu akalala siku 11 na wanaume wazima. Mambo aliyoyaona mle ndani hajaniambia yote mpaka leo.

Ndugu wa mume wangu walisema, "Mwache akae kidogo, ajifunze." Tunasalimiana, ila sijasahau.

Nilipanda Coaster ya Tukuyu alfajiri, mvua ya Rungwe inamwagika. Bibi yake akavuta sanduku la bati uvunguni, akatoa kanga, akatoa stakabadhi za chai za miaka na miaka. Chini kabisa ikatokea kadi ya kliniki, kona zimeliwa na mende, tarehe inasomeka. Na cheti cha ubatizo cha Moravian. Nilikaa sakafuni nikalia.

Hakimu alipoiona kadi ile, mambo yakageuka. Kesi ikahamia Mahakama ya Watoto, wasiohusika wakatolewa nje, afisa ustawi wa jamii akaja nyumbani kuuliza maisha yetu. Mwisho akaachiwa kwa masharti, chini ya uangalizi. Leo anachomelea mageti Mwanjelwa, na fundi wake anamwachia funguo za karakana. Najivunia, na nitaendelea kujivunia.

Wazazi wenzangu, sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 119, inakataza mtoto asihukumiwe kifungo. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata akikuzidi kimo. Ila wajibu wa mahakama kuchunguza umri unaanza pale anapofikishwa mbele yake na kuonekana ni mtoto. Anayebeba viroba haonekani! Ndiyo maana nasema sheria irekebishwe: umri uthibitishwe kituoni, kabla shitaka halijaandikwa, na pakiwa na shaka ahesabiwe mtoto mpaka ithibitike vinginevyo. Bibi wa Tukuyu asiwe ndiye anayebeba mzigo wa serikali kwenye sanduku lake.

Na jingine. Shule ya Maadilisho ya Irambo, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani badala ya gerezani, iko hapa kwetu Mbeya, lakini watoto wanaletwa kutoka mikoa mingine. Mama wa Mwanza atakuja kumwona mwanawe mara ngapi kwa mwaka? Mtoto asiyetembelewa anarudi kwa nani? Kila kanda iwe na yake.

Tunzeni karatasi za watoto. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cha ubatizo, chochote chenye tarehe. Andikisheni vizazi. Narudia: tunzeni karatasi.

Dada wa Makambako, usiende kituoni kugombana. Chukua kadi, toa nakala tatu, nenda kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, umwombe muongozane mahakamani. Hakimu akiita jina la mwanao, simama hapohapo useme ana miaka 16 na karatasi unazo. Mimi sauti ilinitoka nyembamba, lakini alinisikia.