Mahitaji ya mikopo kwenye benki za kigeni yakiwa −15, yasomweje?

SWALI: Nipo Tanga, nanunua singa za mkonge na kuzipakia kwenda nje. Kwenye jedwali la takwimu za Marekani, mstari wa “mahitaji ya mikopo ya biashara, benki za kigeni” unaonyesha −15. Je, mikopo imeshuka kwa asilimia 15? Nitarajie oda kupungua?

JIBU: Hapana, ndugu. Hiyo −15 si dola. Ni hesabu ya vichwa. Kila robo mwaka benki kuu ya Marekani, Federal Reserve, huwauliza maofisa mikopo waandamizi wa benki za nchini zisizozidi 80, pamoja na matawi na wakala 24 wa benki za kigeni: ukiacha mambo ya msimu, mahitaji ya mikopo yamekwendaje kwa miezi mitatu iliyopita? Idadi ya waliosema yamepungua hutolewa kutoka kwa idadi ya waliosema yameongezeka, na tofauti hugeuzwa asilimia ya wote waliojibu. Aliyesema “yamepungua sana” na aliyesema “kiasi” wanahesabiwa sawa.

Benki za kigeni hapo ni zile zilizofungua matawi Marekani kwenyewe, si za London au Tokyo zikiwa kwao. Wateja wao wengi ni kampuni kubwa, kwa hiyo usitafute hali ya muuza duka humo. Benki za nchini ndizo zinazotenganishwa kwa ukubwa wa mteja, mpaka ukiwa mauzo ya dola milioni 50 kwa mwaka.

Kasoro kubwa ni uchache wa wajibuji. Tuseme wamejibu 20: wanne wanasema juu, saba chini, tisa palepale. Nne toa saba ni −3, yaani −15 kwa mia. Robo ijayo afisa mmoja tu wa wale saba akihamia upande wa juu, mstari unaruka hadi −5. Pointi 10 kwa mtu mmoja! Ndiyo maana robo moja pekee siitilii maanani. Tazama angalau tatu mfululizo, na uone kama mstari wa benki za nchini unaelekea huko huko.

Kisha soma sababu, maana dodoso linaziuliza. Kampuni ikikopa kununua mitambo au kujaza ghala, biashara inachangamka. Ikikopa kwa kuwa mapato yake ya ndani yamekauka, mahitaji yanapanda huku hali ikiharibika. Machi 2020 kampuni nyingi za Marekani zilikimbilia kuchota fedha kwenye mikopo ziliyokwisha kuidhinishiwa, ziwe na akiba mkononi. Mikopo ilivimba wakati uchumi unaporomoka. Angalia pia swali la masharti: benki zikikaza masharti, waombaji wengine hukata tamaa kabla hata ya kujaza fomu.

Kwa oda zako, mstari huu uko mbali. Kama mzigo unakwenda China, kampuni kubwa za Marekani hazikuambii mengi kuhusu mnunuzi wako. Akianza kuomba alipe baada ya siku 90 badala ya 30, au benki yake ikachelewa kufungua LC (barua ya benki ya kudhamini malipo), hapo chunguza kabla ya kupakia kontena lingine. Gharama ya mkopo wako wa hapa ifuatilie kwenye riba ya Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kutumika Januari 2024 kwa asilimia 5.5.