Kabla Hujaogopa Baridi, Hesabu Saa Zake

Baridi ikikaza katikati ya majira ya baridi, watu huniuliza kama micheri yangu itapona. Itapona. Baridi hiyo naifurahia, kwa maana maua yote ninayoyangoja yanaitegemea. Kinachonitia hofu ni joto linalokuja kabla ya wakati wake, na jalidi, yaani baridi ya kugandisha, inayoshuka maua yakiwa yamekwisha kufunguka.

Matumba ya maua hutengenezwa tangu kiangazi cha mwaka uliotangulia, kisha hulala. Katika usingizi huo, hata ukiupa mti joto zuri namna gani hautachanua, kwa sababu kizuizi kilichomo ndani ya tumba huondolewa na baridi ya muda mrefu. Wakulima huipima kwa saa: kila saa ambayo joto lilikuwa kati ya nyuzi 0 na 7 hivi za Selsiasi. Aina nyingi za cheri tamu hutaka saa 700 hadi 1,200. Minnie Royal na Royal Lee hutosheka na chache zaidi, kwa hiyo zinafaa penye baridi fupi. Baridi kali ya chini ya sifuri haiongezi kitu kikubwa katika hesabu, na siku za joto katikati ya majira ya baridi hula sehemu ya akiba iliyokwisha kupatikana.

Saa zikishatimia, mti huanza kungoja joto, na joto ndilo hupanga tarehe. Tokyo wana kanuni naipenda sana: jumlisha joto la juu la kila siku kuanzia Februari 1, na jumla ikikaribia nyuzi 600, Somei Yoshino, mcheri wa maua uliozoeleka Japani, huanza kufunguka. Ndiyo maana miaka ya joto huleta maua mapema. Kyoto, ambako kumbukumbu za maua zinarudi nyuma hadi karne ya 9, mwaka 2021 kilele kilifika Machi 26, mapema kuliko mwaka wowote ulioandikwa kabla yake. Lakini kusini mwa Kyushu, kisiwa kilicho kusini mwa Japani, baridi ikiwa hafifu mno, maua huweza kuchelewa kuliko ya Tokyo iliyo kaskazini. Mti haujashiba baridi, basi joto halina la kuamsha.

Mti wa namna hiyo utautambua. Maua hutoka machache machache kwa wiki kadhaa, matumba mengine hudondoka yakiwa yamefumba, majani yanatangulia. Matunda nayo huwa haba, maana mti wa kuchavusha unaweza kuwa umemaliza maua yake wakati huu ndio unaanza.

Ukitaka kujua mti wako umefika wapi, usikisie. Kata vijiti vichache vyenye matumba, viweke kwenye maji katika chumba chenye joto, ubadilishe maji mara kwa mara. Matumba yakivimba na kufunguka ndani ya wiki mbili au tatu, baridi imetosha. Yakibaki yamefumba, subiri kidogo ukate vingine. Mimi naliamini jaribio hili kuliko kalenda yoyote.

Jalidi sasa. Ua lililofunguka huanza kufa kwenye nyuzi -2 hivi, na kwenye -4 karibu yote huteketea. Machi 2017, jiji la Washington, Marekani, lilipoteza takriban nusu ya maua ya Yoshino namna hiyo, baada ya joto kuyaamsha mapema. Kwa hiyo usipande bondeni ambako hewa baridi hutuama, wala karibu na ukuta unaoota jua mchana kutwa, kwani utauamsha mti kabla ya wenzake. Mti mdogo ufunike kwa kitambaa kinachofika mpaka chini, ukiondoe asubuhi. Udongo mkavu umwagilie mchana wa kuamkia jalidi. Ukilowa hutunza joto zaidi.

Kesho yake pasua maua machache kwa kisu. Yenye kiini cheusi yamekufa, ya kijani yako hai. Kagua pia matawi ya juu kabla hujakata tamaa: baridi hutulia chini, na mara nyingi ya huko juu huwa yamesalimika.