Maswali ya Wasomaji: Picha za Mikoko Zinazolinganishika

SWALI: Kikundi chetu kinalinda mikoko na kupanda miche. Tuna picha za miaka mitatu, lakini tukizipanga hatuwezi kuonyesha kama msitu umeongezeka au umepungua. Tunakosea wapi?
Msomaji, Kunduchi

JIBU: Inaelekea kila picha ilipigwa kutoka mahali tofauti, na maji yakiwa katika hali tofauti. Maji yakijaa huficha miche na mizizi ya kupumulia ya mchu, aina mojawapo ya mkoko. Yakipwa, vyote huonekana. Mtazamaji atadhani msitu umeota ndani ya wiki moja, kumbe maji yamepwa tu.

Anzeni na bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Chagueni siku ya pili baada ya mwezi mpevu, na kila mkirudi iwe tena siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Kwa kuwa maji hufuata mwezi, kupwa kutaangukia karibu saa zilezile. Kwa Dar es Salaam ni mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Jua la saa hizo ni kali na picha haitapendeza kama ya jioni. Kubalini hivyo, maana mnatafuta ushahidi. Mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, zinatosha.

Kituo cha kusimama kiwe ukingoni kwenye ardhi ngumu, kwa sababu nguzo ya kwenye tope huinama. Bomba la plastiki la inchi 2 lililojazwa zege na kuzikwa nusu mita linafaa. Msipigilie alama kwenye mti: mnaujeruhi, na ukikatwa mmepoteza kituo.

GPS ya simu peke yake haitoshi. Hukosea mita kadhaa, na hatua mbili tu zinabadilisha picha. Chapisheni picha ya kwanza, mje nayo mkononi. Tafuteni humo kitu cha karibu na cha mbali vilivyopangana, tuseme shina la mlilana, mkoko wa aina nyingine, na mnara wa ng'ambo. Shina likionekana limehamia kushoto mwa mnara, sogeeni kushoto mpaka vipangane tena.

Simu ishikwe kwa upana, iwe kimo cha mita 1.5, kwa lenzi ya kawaida, bila kuvuta picha karibu (zoom). Mita 10 mbele yake simamisheni fimbo ya mita 2 yenye mistari ya rangi kila sentimita 20. Bila fimbo hiyo hakuna atakayejua mche umefika kimo gani. Tope lenye maji hung'aa, na simu huyatia giza majani. Gusa majani kwenye kioo kabla ya kupiga.

Hapa ndipo vikundi vingi huharibikiwa: picha ikitumwa kwenye WhatsApp kama picha, hubanwa na kupoteza tarehe na mahali ilipopigiwa. Itumeni kama dokumenti.

Mikoko ni msitu wa hifadhi chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, hivyo piteni ofisini kwao kwanza. Droni nayo inahitaji kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

SWALI: Nimepiga picha ya kiota chenye makinda katika msitu wa Pugu. Niiweke mtandaoni?
Msomaji, Gongo la Mboto

JIBU: Subiri makinda yaruke, na uzime taarifa ya mahali kwenye picha kabla ya kuiweka, kwani wanaotega ndege nao wanasoma. Ukienda tena, usipinde wala kukata matawi ili upate mwanga. Kiota kilichoachwa wazi huchomwa na jua la mchana, na kunguru hukiona kutoka mbali.