Barua kwa Mwanangu: Neno "Tafadhali" Mlangoni mwa Ndege

Mwanangu Zuhura,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi kwamba umeitwa kwenye usaili wa wahudumu wa ndege. Umeniuliza kama, wakikutaka ueleze ungefanya nini moshi ukitanda ndani ya ndege, uzitaje hatua ulizozikariri au ukiri kwamba hujafunzwa. Kiri. Watakaokuajiri watakufunza wenyewe kwa wiki kadhaa, watakutahini, na kila mwaka watakurudisha darasani hata ukiwa na mvi.

Mimi ningependa zaidi wakuulize kama unaweza kumkemea mtu mzima. Abiria hutii sauti, mwanangu, kabla hawajatii maelezo.

Unajua marehemu bibi yako alivyotulea: binti hapazi sauti mbele ya wakubwa. Nilikwenda mafunzoni na malezi hayo. Katika zoezi la kuwatoa watu mkufunzi alisimama ameshika saa, kwa kuwa ndege yenye viti zaidi ya 44 haipewi cheti mpaka ithibitike kwamba wote waliomo wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Nami nikawa natia "tafadhali" katika kila amri. Alinirudisha mara tatu kabla hajaniruhusu kupita.

Kisha ikaja siku ile ambayo baba yako alikuwa hapendi niisimulie. Tulikuwa tumekwisha kutua, moshi ukaanza kuingia kutoka upande wa injini, na rubani akaamuru watu watoke. Mlango wangu nilikuwa nimeufungua vizuri. Mzee mmoja mwenye kanzu akasimama katikati ya njia, akawa anavuta mfuko wake uliokwama juu ya viti, na nyuma yake watu wamebanana wanakohoa. Nikamwambia, "Samahani mzee wangu, tafadhali uache mfuko." Hakunisikia. Nikarudia, kwa adabu ileile. Mwenzangu aliyekuwa nyuma akanguruma, "Acha mzigo! Toka!" na yule mzee akauachia papo hapo, kana kwamba alikuwa akiingojea ruhusa hiyo. Sote tulitoka salama. Baadaye, tukiwa tumesimama kwenye nyasi, akanisogelea, mkono wake bado una alama nyekundu ya mkanda wa ule mfuko, akasema, "Mbona hukunikemea, mwanangu?" Sikuwa na jibu, na miaka yote hii sijalipata.

Huenda zilikuwa sekunde kumi tu, na hakuna aliyeumia. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini nikikumbuka ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuangukia baharini Komoro tarehe 23 Novemba 1996, ambapo watu 125 kati ya 175 walikufa, na baadhi yao walikuwa wamejaza hewa majaketi ya kujiokolea wakiwa bado ndani, maji yakawainua wasiweze kuifikia milango, sioni tena kwamba sekunde kumi ni kitu kidogo. Na tarehe 2 Januari 2024 kule Haneda, Tokyo, ndege iliyogongana na nyingine ikashika moto, mfumo wa matangazo ukaharibika, wahudumu wakatumia vipaza sauti vya mkononi na makoo yao, na watu wote 379 waliokuwamo wakatoka wakiwa hai. Abiria hutii sauti.

Hata hivyo sikubali kwamba bibi yako alikosea. Upole wake ndio ulioniwezesha kumtuliza mama aliyekuwa akisafiri na maiti ya mwanawe, na siku za namna hiyo kwa mhudumu ni nyingi kuliko siku za moshi. Pengine kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kumkemea yule mzee kungekuwa kumvunjia heshima. Au pengine natafuta tu pa kujifichia.

Sasa, kama wewe unayo sauti hiyo, mimi nina maoni yangu, na kalamu inaniwasha kuyaandika, kwa kuwa nilikusikia siku ile mdogo wako alipoteleza kisimani. Sitayaandika, wanaokusaili na wakusikie wenyewe. Ila ukija Jumamosi, kabla hujavua viatu, simama chini ya mwembe, nami nitakaa chumba cha nyuma na madirisha yamefungwa. Uniamuru nitoke, na usiniite mama.

Mama yako